Matandazo ya kuku wa mayai

Matandazo ya kuku wa mayai (pia malalo) ni tabaka la kitu kikavu, kama vile maranda ya mbao, maganda ya mpunga, nyasi zilizokatwakatwa au mchanga, linalotandazwa juu ya sakafu ya banda la kuku. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kunyonya unyevu wa kinyesi na kumkinga kuku na ubaridi na ugumu wa sakafu. Kazi ya pili, ambayo mara nyingi husahauliwa, ni kumpa kuku mahali pa kufanyia mambo ambayo kila kuku aliye huru huyafanya: kuchakura, kudonoa, kuoga vumbi na kuandaa kiota.

Katika mkoa wa Simiyu, Tanzania, jambo hili linawahusu hasa wafugaji wa mji wa Bariadi na miji midogo ya wilayani ambao huwafungia kuku ndani ili watage zaidi, wasiibwe wala kuliwa na mwewe au kicheche. Kuku anayehamishwa kutoka uani kwenda bandani hupoteza udongo, na kinachowekwa sakafuni ndicho pekee kinachobaki badala yake. Kisipofaa, matokeo yake huonekana kwenye manyoya, kwenye miguu, kwenye mayai na hatimaye mfukoni mwa mfugaji.

## Asili ya tabia za kuku

Kuku wa kufugwa (*Gallus gallus domesticus*) ametokana hasa na kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Ndege huyo hutafuta chakula chini ya miti kwa kufukua majani makavu na udongo kwa makucha, kisha kudonoa mbegu, wadudu na vipande vya majani vinavyofichuka. Usiku hulala juu ya matawi. Maelfu ya miaka ya kufugwa yamebadili ukubwa wa kuku, rangi yake na wingi wa mayai yake, lakini hayakuifuta tabia hiyo.

Mwaka 1989 Marian Stamp Dawkins, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha matokeo ya kuwachunguza kuku-mwitu wekundu waliokuwa wakiishi nusu huru katika bustani ya wanyama ya Whipsnade, Uingereza. Kuku hao walionekana wakidonoa ardhi katika takribani asilimia 60 ya dakika zilizochunguzwa, na wakichakura katika takribani asilimia 34. Kwa maneno mengine, shughuli kubwa ya kuku mchana kutwa ni ardhi.

Tabia hiyo haitokani na njaa peke yake. Kuku mwenye chombo kilichojaa chakula bado huchakura na kudonoa sakafu, na akipewa nafasi ya kutafuta punje chache zilizofichika kwenye matandazo huziendea hata kama chakula kingine kipo mbele yake bila taabu.

## Tabia zinazohitaji sakafu inayofaa

### Kuchakura na kudonoa

Ili kuchakura, kuku huhitaji kitu kilicholegea kinachosogea anapokivuta kwa makucha. Sakafu tupu ya saruji, waya, au matandazo yaliyogandamana kuwa gamba gumu havimpi nafasi hiyo. Kuchakura pia husaga makucha yasirefuke kupita kiasi, na huyageuza matandazo ili yapate hewa na kukauka.

Mtafiti Mholanzi Harry Blokhuis alieleza katika miaka ya 1980 kwamba kudonoana manyoya kuna uhusiano na kudonoa ardhi: kuku asiyepata cha kudonoa chini huuelekeza mdomo wake kwenye manyoya ya wenzake. Sababu nyingine za kudonoana ni msongamano, mwanga mkali, upungufu wa protini au chumvi katika chakula, na wadudu wa ngozi. Hata hivyo, vifaranga waliokua bila matandazo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kudonoana wanapoanza kutaga. Ngozi ikitoka damu, kudonoana kunaweza kugeuka kulana, na kundi likapoteza kuku wengi kwa muda mfupi. Aliyenyonyoka manyoya naye hula zaidi kwa sababu mwili wake hupoteza joto, hivyo kila yai lake humgharimu mfugaji chakula kingi zaidi.

Wafugaji wengi hukabiliana na tatizo hili kwa kukata midomo ya kuku. Hatua hiyo hupunguza madhara ya kudonoa, lakini huumiza na haiondoi chanzo chake.

### Kuoga vumbi

Kuoga vumbi ni tabia ya kuku ya kulala chini, kujirushia vumbi au mchanga kati ya manyoya kwa mabawa na miguu, kujigaragaza ubavu, kisha kusimama na kujikung'uta. Mtafiti wa Denmaki Klaus Vestergaard aliripoti mwaka 1982 kwamba kuku huoga vumbi kwa wastani mara moja kila siku mbili, na kwamba kila mara huchukua takribani dakika 27. Wakati unaopendwa zaidi ni katikati ya mchana, na mara nyingi kuku kadhaa huoga pamoja.

Kuku hujipaka mafuta kutoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Mafuta hayo yakikaa muda mrefu huchakaa na kuyafanya manyoya yashikamane. Vumbi huyanyonya na kuyaondoa, na manyoya hurudi kuwa mepesi na yenye kuhifadhi joto. Vumbi husaidia pia kupunguza chawa na utitiri.

Kuku anayeishi kwenye waya bado hujaribu kuoga. Hulala juu ya waya na kufanya miondoko ileile bila kitu chochote cha kujirushia. Watafiti huiona hali hiyo kuwa dalili kwamba haja ya kuoga iko ndani ya kuku mwenyewe na haingoji kuamshwa na vumbi.

### Kuandaa kiota

Kabla ya kutaga, kuku hutangatanga, huchungulia pembe na vificho, huingia na kutoka, kisha huketi na kufinyanga shimo dogo kwa kifua na miguu. Hupendelea mahali penye giza kidogo, palipozingirwa, penye kitu laini kinachokubali umbo la mwili wake, kama vile nyasi kavu au maranda. Asipopata kiota kinachomridhisha hutaga sakafuni, na mayai ya sakafuni huchafuka, hupasuka au huliwa na kuku wenyewe.

### Kulala juu

Usiku kuku hutafuta kulala juu. Fito za kulalia si matandazo, lakini huyasaidia sana, kwa kuwa kinyesi kingi cha usiku huanguka mahali pamoja chini ya fito, ambapo ni rahisi kukiondoa.

## Majaribio ya uchaguzi

Tangu miaka ya 1970 watafiti wamekuwa wakichunguza sakafu anayoipenda kuku kwa kumpa nafasi ya kuchagua. Njia ya kwanza ni kumweka kati ya vyumba viwili vyenye sakafu tofauti na kuhesabu muda anaokaa katika kila kimoja. Njia ya pili ni kumfanyisha kazi, kwa mfano kusukuma mlango mzito, ili kujua kitu fulani kina thamani gani kwake.

Jaribio lililokuwa na athari kubwa lilichapishwa mwaka 1973 na B. O. Hughes na A. J. Black. Mwaka 1965 kamati ya serikali ya Uingereza iliyoongozwa na Francis Rogers Brambell ilikuwa imependekeza kwamba waya mwembamba wa matundu yenye pembe sita usitumike kama sakafu ya vizimba, kwa kuwa wajumbe waliona hauwafai kuku miguuni. Kuku walipopewa nafasi ya kuchagua, waliupendelea waya huohuo kuliko ule mnene ambao kamati iliuona bora. Waya mwembamba ulikuwa na nyuzi nyingi zaidi za kuukanyagia mguu. Funzo lilikuwa kwamba jicho la binadamu si kipimo cha kutosha cha starehe ya kuku.

Dawkins aliendeleza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuku walipochagua kati ya kizimba chenye waya na chenye matandazo, walichagua matandazo, hata kizimba chenye matandazo kilipokuwa kidogo kuliko chenye waya. Kuku waliolelewa kwenye vizimba, ambao hawakuwa wamezoea matandazo, nao walionyesha upendeleo huo.

Majaribio ya kulinganisha vitu vinavyotandazwa yameonyesha kwamba chaguo la kuku hutegemea kazi anayotaka kuifanya. Kwa kuoga, hupendelea vitu vya punje ndogo zinazofika hadi kwenye ngozi: mboji ya majani yaliyooza na mchanga huwa mbele ya maranda. Kwa kuchakura, hufurahia vitu vyenye vipande vya kugeuza na kufukua, hasa vikiwa na punje za kuokota. Kwa kiota, hutaka kitu laini kinachofinyangika. Kwa hiyo hakuna tandazo moja linalotosha kwa kila jambo.

## Mazingira ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Makao makuu yako Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497, wengi wao wakiwa Wasukuma. Mkoa huo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pamba nchini, na wakulima wake hulima pia mahindi, mpunga, mtama, karanga na alizeti.

Kama ilivyo katika sehemu nyingi za vijijini Tanzania, kuku wengi ni wa asili na hufugwa huria. Mchana huzunguka uani na mashambani, usiku hulala jikoni, kwenye kibanda au ndani ya tenga. Hutunzwa zaidi na wanawake na watoto, na fedha ya mayai hununua sabuni, chumvi na madaftari. Kuku wa asili hutaga mayai machache, mara nyingi kati ya 40 na 60 kwa mwaka, huku kuku wa kisasa wa mayai akiweza kufikia 300 akitunzwa vizuri. Tofauti hiyo ndiyo inayowavuta wafugaji kununua kuku wa kisasa au chotara, kama vile Kuroiler na Sasso, na kuwajengea mabanda.

Udongo wa eneo hilo unahusika na suala la sakafu. Wasukuma hutofautisha aina kadhaa za udongo, zikiwemo *luseni*, udongo wa kichanga wa sehemu za miinuko, na *mbuga*, udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Kuku anayefugwa huria kwenye luseni hupata mahali pa kuoga karibu kila mahali. Sakafu ya banda lililojengwa juu ya mbuga bila kuinuliwa hupandisha unyevu kutoka chini, na matandazo yake hulowa hata paa lisipovuja.

## Aina za sakafu

* Udongo ulioshindiliwa. Ni sakafu ya gharama ndogo na haina ubaridi mkali. Kasoro zake ni kwamba haisafishiki kikamilifu, panya huichimba, na mayai ya minyoo na viini vya magonjwa hubaki ndani yake. Huhitaji matandazo mengi, na tabaka lake la juu huondolewa kabla ya kuingiza kundi jipya.
* Saruji. Husafishika kwa urahisi na huzuia panya, lakini ni ngumu na hainyonyi maji. Bila matandazo ya kutosha husababisha vidonda vya nyayo.
* Fito au mbao zenye nafasi. Banda huinuliwa kutoka ardhini na kinyesi hupita chini. Sakafu hubaki kavu na kuku hukaa mbali na kinyesi, jambo linalopunguza minyoo na kuhara damu. Hata hivyo kuku hawezi kuchakura wala kuoga, kwa hiyo huhitaji eneo la ziada lenye mchanga au matandazo.
* Waya wa vizimba. Kuku na mayai hukaa mbali na kinyesi, lakini tabia zote zilizotajwa hapo juu hazipati nafasi, na mifupa hudhoofika kwa kukosa mwendo.

## Vitu vya kutandaza vinavyopatikana

Matandazo mazuri ni makavu, mepesi kugeuzwa, yasiyo na ukungu wala sumu, na yanayopatikana karibu kwa bei nafuu. Katika Simiyu na maeneo jirani hutumika au huweza kutumika vitu vifuatavyo.

* Maranda ya mbao hutoka kwa maseremala. Hunyonya maji vizuri na ni laini. Maranda ya mbao zilizopakwa dawa au rangi hayafai. Unga laini wa mbao hutoa vumbi jingi, na vifaranga huweza kuula wakidhani ni chakula.
* Maganda ya mpunga, ambayo wengi huyaita pumba, hupatikana kwenye mashine za kukoboa. Hayanyonyi maji kama maranda, lakini hukauka haraka na hayaozi upesi. Punje chache zinazobaki ndani yake huwahimiza kuku kuchakura.
* Nyasi na mabua ya mpunga hukatwa vipande vifupi, kwa sababu yakiwa marefu hujisuka na kugandamana. Yanafaa sana kwa viota. Yakivunwa yakiwa mabichi huota ukungu.
* Maganda ya karanga ni mepesi na hupatikana baada ya mavuno. Yaliyolowa au yenye ukungu huwekwa kando, kwa kuwa ukungu wa karanga huweza kutoa sumukuvu.
* Magunzi ya mahindi yaliyopondwa hunyonya maji, lakini vipande vikubwa huumiza nyayo na huota ukungu yakilowa.
* Mabaki ya viwanda vya kuchambua pamba yapo kwa wingi katika mkoa huo, lakini yanahitaji tahadhari. Nyuzi hulowa na kushikamana, na mabaki hayo yanaweza kuwa na masalia ya viuatilifu vilivyopuliziwa shambani. Mbegu za pamba zenyewe zina kemikali iitwayo gosipoli. Kuku wa mayai akizila kwa wingi, kiini cha yai huweza kubadilika rangi na kuwa cha kijani-kahawia, hasa yai likihifadhiwa kwa muda, na wanunuzi huyakataa mayai hayo.
* Mchanga wa mtoni huchotwa kwenye mito ya msimu inayokauka wakati wa kiangazi. Haunyonyi maji, bali huyapitisha na kukauka upesi. Ni mzito kubeba, lakini hudumu muda mrefu kwa kuchekechwa kinyesi kwa reki. Mchanga ndio tandazo la kuogea lililo rahisi kupata, na vijiwe vyake vidogo husaidia firigisi kusaga chakula.
* Majivu ya kuni yaliyopoa huchanganywa na mchanga wa kuogea. Wafugaji wengi huyatumia kupunguza wadudu. Hayatandazwi banda zima, kwa kuwa vumbi lake huwasha macho na njia ya hewa.

Mpangilio unaokidhi mahitaji mengi ya kuku ni kutandaza maranda au maganda ya mpunga banda zima, kuweka nyasi kavu kwenye viota, na kutenga pembe moja yenye mchanga mkavu wa kina cha sentimita 15 hadi 20 kwa ajili ya kuoga. Pembe hiyo huwa kubwa kiasi cha kuwatosha kuku kadhaa kwa pamoja, na huzungushiwa matofali au mbao ili mchanga usitawanyike.

## Utunzaji

Tabaka la kwanza huwa na unene wa sentimita 5 hadi 10. Katika mfumo wa matandazo ya kina, tabaka jipya huongezwa juu ya lililopo hadi kufikia sentimita 15 au zaidi, na yote huondolewa kundi linapotoka. Wataalamu wengi hushauri kuku wa mayai 5 hadi 7 kwa kila mita moja ya mraba. Wakizidi, kinyesi hushinda uwezo wa matandazo kukauka.

Unyevu hupimwa kwa mkono. Matandazo yakifumbatwa na kisha kuachiwa, yanayofaa husambaratika taratibu. Yakibaki kama tonge ni mabichi mno. Yasiposhikamana kabisa na kutoa vumbi jingi ni makavu kupita kiasi, na vumbi hilo huumiza mapafu ya kuku na ya mfugaji.

Chanzo kikubwa cha unyevu ni vyombo vya maji. Huwekwa juu ya kichanja cha fito au matofali, kwa kimo cha mgongo wa kuku, ili maji yasimwagike anapokunywa. Sehemu iliyolowa huondolewa siku hiyohiyo, na matandazo yote hugeuzwa kwa reki au uma walau mara moja kwa wiki. Kurusha punje chache za mtama au mahindi kila jioni huwafanya kuku wayageuze wenyewe.

Hewa mbaya hutokana na bakteria wanaovunja kinyesi na kutoa amonia. Viwango vingi vya ufugaji hutaka amonia isizidi sehemu 20 hadi 25 kwa milioni. Mfugaji asiye na kipimo huchuchumaa hadi kimo cha kichwa cha kuku na kunusa, kwa kuwa aliyesimama huweza asihisi kinachomuumiza kuku chini. Macho yakiwasha, banda linahitaji madirisha mapana zaidi au matandazo mapya.

Simiyu hupata mvua zake kati ya Oktoba na Mei, kukiwa na vipindi vikavu katikati. Wafugaji hufaidika wakikusanya na kuhifadhi matandazo wakati wa kiangazi, yanapopatikana yakiwa makavu. Paa lenye upenuo mrefu na mfereji wa kuyaelekeza maji mbali na ukuta huhifadhi matandazo kuliko dawa yoyote inayomwagwa baadaye.

Ili kupunguza mayai ya sakafuni, viota huwekwa kabla kuku hawajaanza kutaga, kimoja kwa kuku wanne au watano, kikiwa na upana wa takribani sentimita 30 na giza kidogo. Viota vikifungwa usiku, kuku hawalali humo na kuvichafua.

## Afya ya kuku

Matandazo mabichi huchangia magonjwa kadhaa. Koksidiosisi, ambayo wafugaji huita kuhara damu, husababishwa na vijidudu ambavyo hutoka na kinyesi na kukomaa kwenye joto na unyevu kabla ya kumezwa na kuku mwingine. Mayai ya minyoo hukomaa kwa namna hiyohiyo. Nyayo zinazokaa kwenye kinyesi kibichi huungua na kutoa vidonda. Matandazo yenye ukungu wa *Aspergillus* huleta ugonjwa wa mapafu unaoua hasa vifaranga.

Ukavu nao una wageni wake. Viroboto wa kuku, wanaong'ang'ania kwenye ngozi ya uso na kishungi, huzaliana kwenye mchanga mkavu na vumbi. Papasi na utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za kuta na za fito, na usiku hutoka kunyonya damu. Kwa hiyo mchanga wa kuogea hubadilishwa mara kwa mara au huanikwa juani, na nyufa za kuta huzibwa.

Matandazo hayachukui nafasi ya chanjo. Kideri, ambacho pia huitwa mdondo, huweza kuangamiza kundi zima hata katika banda safi kuliko yote. Kundi likipata ugonjwa wa kuambukiza, matandazo yake huondolewa yote, huchomwa au kufukiwa, na sakafu hupakwa chokaa kabla ya kuingiza kuku wengine.

## Sheria na viwango

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayohusu utunzaji wa wanyama wakiwemo wa kufugwa. Wazo la kwamba mnyama anapaswa kuwa huru kuonyesha tabia zake za kawaida ni moja kati ya uhuru tano zilizoandikwa na baraza la ustawi wa mifugo la Uingereza mwaka 1979, zikiwa na chimbuko katika ripoti ya Brambell.

Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo namba 1999/74 lililopiga marufuku vizimba vya kawaida vya kuku wa mayai kuanzia tarehe 1 Januari 2012. Katika mabanda yasiyo na vizimba, agizo hilo hutaka kila kuku awe na eneo la matandazo lisilopungua sentimita za mraba 250, matandazo yafunike angalau theluthi moja ya sakafu, na kuwe na nafasi ya fito ya sentimita 15 kwa kila kuku.

## Matumizi baada ya kuondolewa

Matandazo yaliyokwisha kutumika ni mbolea yenye nitrojeni na fosforasi nyingi, na yanafaa hasa kwenye udongo wa kichanga usiohifadhi rutuba. Hayawekwi mabichi kwenye mboga, kwa kuwa huunguza mizizi na huweza kuwa na bakteria wanaowaugua watu. Hurundikwa, hufunikwa na kugeuzwa kwa wiki kadhaa hadi yapoe na kupoteza harufu kali, ndipo hupelekwa shambani. Yenye maganda ya mpunga au maranda mengi huchelewa kuoza, kwa hiyo hupewa muda mrefu zaidi.

## Tazama pia

* Kuku
* Ufugaji wa kuku
* Kideri
* Mkoa wa Simiyu
* Bariadi
* Mboji